Nilichokiona mimi dirishani, na alichokiona rubani

Najua nimewatupa, karibu wiki tatu sijaandika kitu. Waliouliza kama nimeolewa kimyakimya: hapana, bado, tulieni. Kilichonifunga mikono ni jambo moja linalonikereketa kooni, na kila nikikaa niandike mengine (bei ya mahindi, mbolea, siasa zetu hizi) vidole vinagoma. Basi leo nalitema lote. Chukua chai, maana si fupi.

Mnaikumbuka ile video yangu ya ndege ya Songea? Kama huikumbuki, afadhali. Kwa wageni, ilikuwa hivi.

Machi 2025 nilikuwa natoka Dar kurudi nyumbani Songea. Mimi ni mtu wa basi, mnanijua. Karibu kilometa 1,000: Mikumi, Iringa, Makambako, Njombe, mpaka kiuno kinaita jina la mama. Ila safari hiyo tiketi ya ndege ililipwa na watu wa semina, nani akatae? Nikakaa dirishani upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bawa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, kajifunga khanga mbili, mkononi ana kipochi na rozari. Alikuwa anakwenda kumzika kaka yake Peramiho. Maziko saa nane mchana. Sisi tulitakiwa kutua saa nne na nusu asubuhi, kwa hiyo muda ulikuwepo wa kutosha.

Machi Songea ni mvua, hilo halihitaji mtabiri. Tulipoanza kushuka nje kukawa nyeupe tupu. Halafu, ghafla, nikaona ardhi! Mabati ya nyumba, mahindi ya kijani, njia nyekundu ya udongo, hata mtu na baiskeli yake. Nikatoa simu nikaanza kurekodi. Sekunde 41. Mwishoni mwa sekunde hizo unasikia injini zikinguruma, pua inanyanyuka, na picha inageuka pamba. Tukazunguka, tukajaribu tena, yakawa yale yale. Mara ya tatu hakukuwa na kujaribu. Sauti kutoka mbele ikatuambia hali ya hewa haituruhusu, tunakwenda kushukia Songwe, Mbeya.

Yule mama hakupiga kelele. Alijifunika uso na khanga akawa analia kwa mabega. Mimi nikamwambia maneno ambayo ningependa nisingeyasema: "Mama, uwanja ulikuwa unaonekana kabisa. Nimeurekodi, huu hapa."

Akaangalia ile video mara mbili. Akasema, "Mwanangu, waandike."

Tulifika Songea kwa basi usiku wa manane. Kaka yake alishazikwa. Na mimi, kabla hata sijavua viatu, nikaandika. Kichwa cha habari kilikuwa "Rubani akimbia uwanja unaoonekana", na chini yake video. Asubuhi ilikuwa imeshazunguka kila kundi la WhatsApp la wana-Ruvuma ndani na nje ya nchi. Maoni mnayakumbuka: kwamba leseni imenunuliwa, kwamba madereva wa mabasi ya Songea wapewe ndege, kwamba rubani alikuwa na miadi yake Mbeya. Nilicheka. Niliandika hata maoni mengine ya kuchochea. Kwa mara ya kwanza nilijisikia mwandishi mkubwa.

Kosa la kwanza lilikuwa waziwazi na sikuliona: kwenye video yangu hakuna uwanja. Kuna mabati, mahindi na baiskeli. Uwanja niliuongeza mwenyewe kwa maneno.

Sasa twende Agosti. Nilialikwa kwenye chakula cha jioni cha mkubwa mmoja hapa mjini, nikatambulishwa kwa mgeni, mzee wa miaka hamsini na kitu, mkimya, shati limenyooka. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza jina langu tena. Kisha: "Ni wewe binti wa ile video?"

Jamani. Nilitamani sakafu ipasuke.

Ningeelewa kama angenifokea. Hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya mwalimu wa hesabu: "Kiti chako kilikuwa kinatazama wapi?"

Nikasema pembeni na chini. Akasema, "Na changu kilikuwa kinatazama mbele." Akaomba kalamu, akachora kwenye karatasi ya kufutia mikono. Mstari mmoja wima kutoka kwenye ndege kwenda ardhini: huyo mimi. Mstari mwingine umelala, umeinama kidogo tu, unakwenda mpaka mwanzo wa njia ya kutua: huyo yeye. Ndege inaposhuka kawaida inafuata pembe ya kama digrii 3. Katikati akachora wingu, jembamba, mfano wa mita 50 unene wake. "Wewe unapenya mita 50," akasema. "Mimi napenya ngapi?" Nikatoa simu nikapiga hesabu zangu za kidato cha nne. Karibu mita 950. Mara 19!

Kama hujaelewa, fanya hivi leo usiku. Lala ndani ya chandarua, tazama ukuta ulio mbele yako moja kwa moja: unaona chumba, kabati, hata panya. Sasa weka shavu karibu na chandarua utazame kwa kufuata urefu wake kuelekea miguuni. Kinageuka ukuta mweupe. Chandarua ni kile kile kimoja.

Kwenye chati ya marubani, akaendelea, kuna kimo kimeandikwa. Ukishuka mpaka hapo, na njia ya kutua au taa zake huzioni mbele yako, hakuna mjadala, unanyanyua. Huulizi abiria wa dirishani wanaona nini. "Niliona nyeupe, binti. Mara zote mbili. Msaidizi wangu naye aliona nyeupe. Na milima ya Matogoro haisogei kwa sababu abiria ana haraka."

Hapo ndipo aliponiuliza kama nimewahi kuona rubani anaona nini. Nikasema sijawahi. Akatoa kompyuta yake ya mkononi.

Wasomaji, mimi ni mtu wa kurekodi. Nimerekodi harusi, kampeni, ajali, mbuzi akizaa. Lakini kile nilichokiona pale mezani sijawahi kukifikiria. Ilikuwa video ya ndege kubwa ya abiria ikishuka kwenye ukungu alfajiri, na picha ilitoka hasa pale kichwa cha rubani kilipo. Juu ya picha hiyo, kama mwandiko wa nuru, kulikuwa na mistari ya kijani. Kushoto namba za mwendo, kulia namba za kimo zikipungua. Katikati mstari wa upeo wa macho, ukikaa sawasawa pale upeo wenyewe ulipo nje hata kama hauonekani. Na duara dogo lenye mabawa mawili, ambalo Kapteni alilipenda kuliko yote. "Hicho kinakuambia ndege inakwenda wapi kweli," alisema, "siyo pua inaelekea wapi. Pua inaweza kudanganya, upepo unakusukuma pembeni. Hicho kiduara ukikiweka mwanzo wa njia ya kutua, ndipo utakapofika."

Kifaa chenyewe marubani wanakiita HUD, wanatamka "hadi", kama ile yetu ya kutoka saa hii hadi saa ile. Ni kipande cha kioo angavu kinachoteremshwa mbele ya uso wa rubani, na projekta juu ya kichwa chake inamulika alama juu ya kioo hicho. Ujanja uko hapa: alama zimepangwa kwa lenzi ili jicho lizione kama ziko mbali sana, kule kule nje kwenye upeo. Rubani hahitaji kuinamisha kichwa kusoma saa kisha kuinua na kuzoesha macho upya. Dunia na namba anaviona pamoja.

Asili yake, kama vitu vingi vya maana, ni vita. Mwaka 1900 Howard Grubb wa Dublin alipata hataza ya kifaa cha kulengea shabaha kinachoakisi alama kwenye kioo, na baadaye marubani wa vita wakalengea kwa vifaa vya namna hiyo. Ndege ya kivita ya Waingereza, Blackburn Buccaneer, iliyoruka mara ya kwanza 1958, ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa kioo hiki kama tunavyokijua. Leo kiko kwenye ndege za kiraia pia. Boeing 787 inatoka kiwandani na vioo viwili, kimoja kwa kila rubani, na Air Tanzania ilipokea 787 yake ya kwanza Julai 2018. Kwa hiyo kuna Watanzania wenzetu wanatazama dunia kupitia mistari ya kijani kila wiki, na sisi nyuma tunagombania sehemu ya kuegemeza mkono. (Ndege yetu ya siku ile, ya panga-boi, haikuwa nacho. Na Kapteni alisisitiza: kioo hicho peke yake hakipenyi ukungu. Kinakuonyesha namba na mistari tu.)

Mimi nilitaka kujua zaidi jinsi walivyorekodi. Akacheka, akasema hapo wengi wameumiza vichwa. Zamani, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, ndege za kivita zilikuwa na kamera ya filamu inayowaka rubani anapofyatua risasi, ili akirudi asitie chumvi. Baadaye wakaweka kamera ndogo inayotazama kupitia kioo chenyewe, na mkanda wa video. Shida ikaanza. Anga linawaka, alama ni nyembamba: ukirekebisha kamera kwa ajili ya anga, alama zinapotea, ukirekebisha kwa ajili ya alama, nje kunaungua kunakuwa kweupe. Halafu kamera haiwezi kukaa ndani ya jicho la rubani. Ukiisogeza kutoka pale jicho lilipopangiwa, alama zinakatika au zinatoweka. Njia nyingine ni kuacha kioo kabisa: kamera moja inatazama mbele, na kompyuta inachukua zile zile alama zilizopelekwa kwenye kioo na kuzichora juu ya picha. Ni safi zaidi. Lakini hapo unatakiwa uwe na uhakika kwamba picha ya sekunde hii imepata alama za sekunde hii, na kwamba mstari wa upeo umekaa penye upeo.

Nikamwambia basi hiyo ninaijua! Nyumbani kwetu Mfaranyaki kuna mkanda wa harusi ya mama mdogo, wa zile kamera kubwa za kubeba begani, ambazo pembeni mwa picha zilikuwa zinaandika tarehe na saa. Harusi ilifungwa Agosti 1996. Pembeni imeandikwa Januari mosi, 1990, saa sita usiku, na bibi harusi anakata keki jua likiwaka. Mpiga picha hakuseti saa. Juzi juzi binamu yangu aliyezaliwa 1997 alimuuliza mama yake, kwa heshima zote, kama kabla yake hakukuwa na mtoto mwingine wa kwanza aliyefichwa. Teh teh teh! Picha ni ya kweli, keki ni ya kweli, maandishi ndiyo ya uongo, na yote yako kwenye kioo kimoja.

Kapteni alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akanyamaza, akaniambia kilichotokea upande wake baada ya video yangu.

Walimweka chini. Siku kumi na nne hakuruka, wakati wakubwa wake wanachunguza. Hakuwalaumu, alisema ndivyo inavyotakiwa. Walisoma takwimu za safari, zikaonyesha alinyanyua ndege pale pale kimo kilipoandikwa, mara ya kwanza na ya pili. Akarudi kazini. "Lakini takwimu ni safu za namba, binti. Nani atazisambaza kwenye WhatsApp?" Mtoto wake wa darasa la sita aliitwa "mtoto wa mwoga" shuleni mpaka mwisho wa muhula. Hilo alilisema akitazama sahani yake.

Nikakaa kimya. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikauliza: sasa kwa nini ndege zote zisirekodi anachokiona rubani? Ungekuwa na picha ile nyeupe yenye kimo pembeni, ungeniumbua dakika ile ile.

Tukaingia kwenye mambo ya kisanduku cheusi (ambacho rangi yake ni ya machungwa, sijui nani alikibatiza). Kinahifadhi sauti za chumba cha marubani na takwimu za ndege. Picha, kwa ndege nyingi za abiria, hakuna. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilipendekeza kamera ndani ya chumba hicho tangu mwaka 2000. Vyama vya marubani vimekataa miaka yote hiyo. Juni 12, 2025 ndege ya Air India, Boeing 787, ilianguka Ahmedabad dakika moja haijafika tangu iruke, wakafa watu 260, wakiwemo 19 waliokuwa ardhini. Ripoti ya awali ya Julai ilisema swichi za mafuta za injini zote mbili zilihamia kwenye kuzimwa, na sauti ya rubani mmoja inasikika ikimuuliza mwenzake kwa nini amezima, na mwenzake akajibu hakuzima. Sauti ipo. Mkono haukuonekana. Mwezi ule ule mkuu wa IATA, Willie Walsh, alisema hadharani kwamba hoja ya kuweka kamera ina nguvu.

Sisi tuna Bukoba yetu. Novemba 6, 2022, Precision Air, ATR 42, watu 43 ndani, 19 hawakutoka, marubani wote wawili wakiwemo. Tunayo picha za mkia umechomoza majini, zimepigwa kutoka ufukweni kwa simu, kila pembe unayoitaka. Picha ya kilichokuwa mbele ya kioo chao hatuna.

Kwa hiyo, Kapteni, ungekubali kamera?

Aliniangalia muda. "Ikiwa na wewe upo duniani?" akauliza.

Sikujibu, ningejibu nini? Akaniambia anachokiogopa hakihusiani na kuchunguzwa. Kuchunguzwa amezoea, kila kidole anachobonyeza kinaandikwa. Anachokiogopa ni siku ambayo uso wake wa mwisho utakuwa unazunguka kwenye simu za watu kabla mke wake hajapigiwa. "Sauti zetu zinalindwa, na bado zinavuja. Sura je?"

Akanieleza kwamba Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeshaandika habari za vinasa picha, na limevigawa kwa madaraja. Kinachochukua chumba kizima kinaweza kupangwa, kadiri inavyowezekana, kisichukue vichwa na mabega ya marubani wakiwa vitini. Kuna cha kuchukua ujumbe kwenye skrini, na kuna cha kuchukua saa na swichi. "Hizo sina ugomvi nazo. Na hii," akagusa ile video ya mistari ya kijani iliyokuwa bado imesimama kwenye kompyuta, "hii ningeikubali kesho asubuhi. Rekodi nilichokiona, na namba nilizokuwa nazo wakati nakiona. Mimi mwenyewe simo. Na ninyi huko nyuma mtakuwa mmekaa kwenye kiti changu."

Tuliagana saa tano usiku. Mimi sikulala.

Siku ya pili nilimpigia yule mama wa Peramiho, namba yake nilikuwa nayo. Nilijipanga kumweleza chandarua, digrii 3, yote. Nikamwambia nilikosea mama, rubani hakuuona uwanja, na ile video nataka niifute.

Akanikatiza. "Usiifute, mwanangu."

Nikadhani hajanielewa, nikaanza upya. Kumbe amenielewa. Akasema siku ile alipofika msibani saa nane za usiku, badala ya saa nane za mchana, wapo ndugu walionuna, wakasema mtu wa Dar hana muda wa kuzika. Arobaini ilipofika aliitoa ile video akawaonyesha wote, mmoja mmoja, mpaka wazee. Waone mabati ya Songea yako pale chini. Waone kwamba saa nne na nusu, siku ya maziko ya kaka yake, alikuwa juu yao. "Mimi rubani sikumtukana," akasema. "Nilitaka tu waone nilikuja."

Basi sijaifuta. Ile makala na kichwa chake cha habari nimeviondoa, na maoni yote yamekwenda nayo, samahanini mliokuwa mmetunga vizuri. Video nimeiweka tena, sekunde zile zile 41, na kwa mara ya kwanza nimeandika kitu juu ya picha yenyewe, kule chini, kwa herufi za kijani: "Dirisha la kushoto, nyuma ya bawa. Inatazama pembeni na chini. Mbele haionekani." Na tarehe, na saa.

Nilimtumia Kapteni kabla ya kuiweka, nikamwomba ruhusa na radhi kwa pamoja. Jibu lilikuja jioni: "Sawa, binti. Saa umeseti?"